Sikukuu Zinazovaliwa

Msomaji kijana, ukitaka kujua ni sikukuu ipi iliyo kubwa kuliko zote katika dini ya Kikristo, usiende kuuliza katika Barabara ya Jogoo, kwa maana utadanganywa. Barabara hiyo, ipitayo kando ya Kaloleni, Maringo na Makadara katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, hutoa jawabu moja kila mwaka. Katika juma la mwisho kabla ya Krismasi maduka hupambwa kwa nyuzi za karatasi za kumeremeta, wachuuzi hutandaza magauni ya watoto juu ya magunia hata mpita njia hana mahali pa kutia mguu, wasusi hawalali, mafundi cherehani hukataa kazi mpya, na pakiti za unga wa ngano huondoka madukani kabla hazijapangwa vyema. Ikifika Pasaka, makanisa hujaa vilevile, lakini barabara haina habari. Muuza viatu huuza viatu kama alivyouza juzi.

Kwa mafundisho ya Kanisa jambo hili ni kinyume. Pasaka ndiyo sikukuu ya kwanza, na ndiyo msingi wa nyingine zote. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 walishughulika na tarehe ya Pasaka, ili Wakristo wote waiadhimishe siku moja. Siku ya kuzaliwa Yesu haikuwa shauri lao. Kwa Krismasi, ushahidi wa zamani ulio wazi wa tarehe 25 Desemba umo katika kitabu cha kalenda kilichoandikwa Rumi mwaka 354, na Injili zenyewe hazitaji siku wala mwezi. Basi mdogo amempita mkubwa, naye amempita kwa mavazi.

Nilipokuwa kijana nilidhani kioja hiki ni cha Wakristo peke yao. Sivyo. Vuka Mto Nairobi uingie Pumwani, mtaa uliotengwa kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambako misikiti na majirani Waislamu ni wa tangu zamani; kisha endelea mpaka Eastleigh. Siku kumi za mwisho za Ramadhani, ambazo mwenye dini hutakiwa azidishe ibada usiku, ndizo siku ambazo maduka ya Eastleigh hayana saa ya kufunga: kanzu, kofia, mabuibui, viatu, udi, hina, na nguo za watoto zilizotundikwa kuanzia sakafuni hata darini. Waislamu wana Idi mbili. Ile ya mwezi wa hija, inayoangukia tarehe 10 ya mfunguo tatu, ndiyo iitwayo Idi Kubwa, na siku tatu za tashriki huifuata, zikawa nne kwa jumla. Idi ya kumaliza mfungo ni siku moja tu. Lakini mtoto wa Pumwani akiulizwa ni Idi ipi aliyonunuliwa kanzu mpya, aghalabu atataja ile ndogo. Hata lugha yetu inashuhudia mapenzi hayo, kwa kuwa Waswahili huhesabu miezi kutokana nayo: mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu, na kuendelea.

Dini mbili, majirani katika mitaa ileile, na katika kila moja sikukuu iliyo ndogo kwa wanazuoni imekuwa kubwa kwa wachuuzi. Jambo la namna hii halifai kuachwa lipite bila ya kuulizwa sababu.

Jawabu la kwanza, ambalo bila shaka umelisikia katika mahubiri, ni kwamba wafanyabiashara wameiteka dini kwa tamaa yao. Sikatai kuwa tamaa ipo. Lakini kama mwenye duka angekuwa na uwezo wa kuiteka sikukuu aipendayo, kwa nini ameiachilia Pentekoste? Kwa nini hakuna nguo za Kupaa kwa Bwana, wala chakula maalumu cha siku ya Miraji? Hata Pasaka ameijaribu. Maduka makubwa ya mjini hupanga mayai ya chokoleti kila mwaka, na katika mitaa yetu watu huyatazama kama watu watazamao picha, kisha hununua sukari na kwenda zao. Mfanyabiashara si mchawi. Huupanda mchongoma ambao tayari una matunda. Akiukuta mti mkavu hushuka.

Jawabu la pili husema kwamba fahari ya Krismasi imeletwa na wageni, pamoja na yule mzee mnene wa ndevu nyeupe na koti jekundu. Watu wengi huamini kuwa mzee huyo alibuniwa na Coca-Cola. Si kweli: mchoraji Haddon Sundblom alianza kuwachorea matangazo mwaka 1931, lakini koti jekundu lilikwisha kuonekana katika picha za Marekani kabla ya hapo. Hata hivyo hebu mtazame mzee huyo anapokaa mlangoni mwa duka la Nairobi mwezi wa Desemba, akitokwa na jasho ndani ya manyoya, na pamba ya dawa imebandikwa dirishani badala ya theluji. Watoto humcheka. Hakuna mtu wa Kaloleni anayekopa fedha kwa sababu ya mzee huyu. Krismasi ya mitaa yetu ina asili nyingine, na asili hiyo ni mshahara.

Hapa yafaa tukumbuke jinsi mitaa hii ilivyoanza. Sehemu kubwa ya makao ya kwanza ya Waafrika katika Nairobi ilijengwa kwa kumkusudia mwanamume aliyekuja kufanya kazi na kumwacha mkewe na watoto mashambani. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya awali iliyofikiria kwamba mfanyakazi ni baba wa nyumba pia. Mtu huyo alipata ruhusa ya kwenda kwao mara chache, na mwisho wa mwaka ulikuwa wakati wake. Hakuweza kurudi mikono mitupu. Alibeba mkate, sukari, majani ya chai, kitambaa cha mkewe, kaptura za watoto, na unga wa ngano wa kupika chapati, chakula ambacho mashambani hakikuonekana siku nyingine. Mzigo huo ulikuwa jawabu la swali ambalo kijiji kizima kilimwuliza bila ya kufungua kinywa: Mjini unafanya nini? Hata leo, tarehe 22 na 23 Desemba, ukisimama katika kituo cha mabasi cha Machakos utaona jawabu hilo limefungwa kwa kamba juu ya paa la basi, na makanga akidai nauli maradufu, na abiria wakimlaani huku wakilipa. Mitaa yenyewe hubaki kimya, kama nyumba iliyohamwa.

Basi huenda ukasema: siri ni kalenda. Krismasi haihami, shule zimefungwa, kazi imesimama, mshahara wa Desemba umetolewa mapema. Pasaka ni msafiri: huweza kuangukia tarehe yoyote baina ya 22 Machi na 25 Aprili, mvua ikinyesha, mkulima akipanda, na mzazi akiwa hajapona jeraha la karo ya muhula wa kwanza. Kwa muda mrefu nililiamini jawabu hili, nikalifundisha pia. Lakini Idi inalivunja. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2000 iliangukia siku chache baada ya Krismasi. Mwaka 2024 iliangukia Aprili, kati ya masika. Soko la Eastleigh halikumwuliza mwezi mwandamo umetoka katika msimu gani. Kalenda husaidia, lakini si mama wa jambo.

Nadhani mama wa jambo ni huyu: sikukuu huingia sokoni pale furaha yake inapoweza kuvaliwa. Nataka unielewe vizuri. Kila sikukuu ina jambo la ndani, ambalo ni la moyo na la imani, na kila sikukuu ina jambo la nje, ambalo jirani huliona. Krismasi ni habari ya mtoto aliyezaliwa, na mahali palipo na mtoto pana nguo, pana zawadi, pana wageni na chakula. Idi ya mfunguo mosi ni siku ya kufungua baada ya mwezi wa kujinyima. Imependekezwa na dini yenyewe kuoga, kujitia manukato na kuvaa kilicho bora katika ulichonacho, na watoto hupita nyumba hata nyumba wakipewa idi yao. Katika sikukuu zote mbili mtoto yuko katikati, naye anatazamwa. Mzazi anaweza kujinyima mwenyewe pasipo haya. Lakini kumtoa mtoto wake nje na gauni la mwaka jana, mbele ya watoto wa jirani, kunahitaji ujasiri ambao wengi hatuna. Biashara yote ya sikukuu imesimama juu ya haya hiyo.

Ukishika jambo hili mkononi, milango mingine hufunguka. Ijumaa Kuu haina soko kwa sababu ni msiba, na mtu haendi msibani ili atazamwe. Katika mitaa yetu Wakatoliki huandamana siku hiyo katika Njia ya Msalaba, wakipita mbele ya maduka yaleyale. Mwenye duka husimama mlangoni akawatazama, na hana la kuwauzia isipokuwa maji. Pasaka nayo ni furaha kubwa, lakini ni furaha ya jambo lisiloonekana, kaburi tupu, na utupu ni bidhaa ngumu kuuza. Watazame pia waumini wa makanisa ya Kiafrika ambao huandamana Jumapili wakipiga ngoma, wamevaa kanzu nyeupe. Hao huvaa dini yao waziwazi kuliko sisi sote, lakini kanzu ni ileile mwaka huu na mwaka ujao, ya tajiri na ya maskini, na kwa hiyo fasheni haina mahali pa kuingizia kidole.

Idi Kubwa ndiyo inayonifurahisha zaidi kuifikiri, kwa sababu sheria yenyewe imesimama mlangoni kama bawabu. Mbuzi hununuliwa, na bei yake siku hizo hupanda sana; lakini akisha kuchinjwa huwa ametoka sokoni. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea katika pwani yetu na kufika mpaka Pumwani, mwenye kuchinja haruhusiwi kuuza nyama yake wala ngozi, wala kumlipa mchinjaji kwa sehemu ya nyama. Na maskini wana fungu lao. Hata ile Idi ndogo, pamoja na mavazi yake yote, ina zaka ya fitri: kila kichwa katika nyumba, hata mtoto mchanga, hutolewa kiasi cha chakula kwa ajili ya maskini, na hutakiwa kitolewe kabla ya sala. Soko limeruhusiwa kuingia, ila maskini ametangulizwa. Krismasi yetu haina sharti la namna hiyo. Ina hiari, na hiari ni nzuri, lakini hiari haina saa.

Pengine utanipinga kwa kutaja Diwali, na upinzani wako utakuwa wa haki. Hiyo ni sikukuu inayovaliwa, ina taa, ina vitu vitamu, ina fataki; zaidi ya hayo, biashara haikuingia humo kwa mlango wa nyuma. Wafanyabiashara wa Kigujarati, ambao maduka yao yaliipa Biashara Street ya Nairobi jina na sifa, huwa na desturi ya kubariki vitabu vipya vya hesabu wakati wa Diwali na kumwomba Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na mali. Hapa duka limo ndani ya hekalu. Mbona basi Diwali haikuwa fasheni katika Makadara? Kwa sababu mlango wake haukuwa wazi kwa jirani. Wakati wa ukoloni Mhindi, Mzungu na Mwafrika walitengwa hata kwa mitaa. Mwenye kuishi Makadara aliziona fataki kwa mbali juu ya anga ya Ngara, akajua kwamba kuna watu wanaofurahi, na asijue wanafurahia nini. Kwa hiyo haitoshi sikukuu kuvalika. Lazima iwe vazi ambalo hata asiyeamini anaweza kuliazima.

Na asiyeamini huliazima kweli. Katika Japani Wakristo hawafiki hata watu wawili katika kila mia, lakini tangu tangazo la Kentucky Fried Chicken la mwaka 1974 familia nyingi huko zimefanya kuku wa kukaanga kuwa chakula cha Krismasi, na wengine huagiza majuma kabla. Nasi tusiwacheke. Maelfu ya wafanyakazi wa Naivasha hukata waridi mwezi wa Januari na Februari kwa ajili ya siku ya Mtakatifu Valentino, ambaye Kanisa Katoliki lilimwondoa katika kalenda yake ya ulimwengu wote mwaka 1969. Mtakatifu ameondoka, waridi zimebaki, na ndege huondoka Nairobi zimejaa.

Sasa msomaji, usidhani nalaumu biashara ya sikukuu kwa sababu naiona chafu. Mitaa yetu hula kwa hiyo biashara. Wako mafundi cherehani wa Pumwani ambao Ramadhani moja huwalipia kodi ya miezi. Wako akina mama wa Gikomba ambao Desemba ndiyo huwasomeshea watoto Januari. Anayetaka kuifuta fahari ya sikukuu kwa amri ya mimbari na akumbuke atakayelala njaa kwanza. Lawama yangu iko mahali pengine, na ili niieleze sina budi kukuungamia kosa langu mwenyewe.

Kila Januari nilikuwa na mazoea ya kuwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha ya kwanza ya mwaka, nayo ni ileile niliyopewa mimi nilipokuwa mwanafunzi: Siku ya Krismasi. Ni mada nyepesi kwa mwalimu aliyetoka likizoni. Mwaka mmoja msichana mmoja aliandika vizuri kuliko wenzake wote. Wengine waliandika kwamba walivaa nguo mpya. Yeye aliliandika gauni lenyewe, la manjano, lenye mshipi mweupe na vifungo vitatu mgongoni, cha katikati kikiwa kimepotea na kushonewa kingine kisichofanana nacho. Nilimpa alama 17 katika 20, nikaandika pembeni kwamba ameeleza kama mtu aliyeona.

Juma lililofuata mama yake alikuja shuleni kwa ajili ya baki ya karo. Ni mchuuzi wa nguo za watoto za mitumba, Gikomba. Nikataka kumfurahisha, nikamwambia, "Mama, binti yako ni mwandishi. Hata lile gauni la manjano nimeliona kwa macho yangu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, gauni lile nililiuza."

Alikuwa amelipata katika robota mwezi wa Oktoba, akaliweka kando kwa ajili ya mtoto. Msichana alilijaribu nyumbani kila Jumapili, akalivua na kulikunja. Jioni ya tarehe 24 Desemba, saa kumi na mbili, mteja aliliona chini ya meza akaongeza bei mara mbili, na mama akahesabu karo ya Januari kichwani mwake, akampa. Siku ya Krismasi binti alikwenda kanisani na sare ya shule, iliyofuliwa na kupigwa pasi, kisha akarudi akashinda ndani.

Sikuibadili alama, maana ni kweli alikuwa ameliona. Ila baada ya mama yule kuondoka nilifungua tena daftari 39 za wenzake, nikahesabu magauni, suruali na viatu vipya vilivyomo. Daftari 35 zilikuwa navyo. Nilikuwa nimewapa wote alama kwa ajili ya nguo hizo, na kumkata alama mvulana mmoja aliyeandika nusu ukurasa tu kwamba siku ile alichota maji, akala ugali, akalala mapema. Mvulana huyo nilimwita nikamwomba daftari yake tena. Mada ile sijaitoa tangu hapo. Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu husema nimewanyima watoto insha rahisi, na kwamba mtoto asiye na gauni ana haki ya kuliandika angalau kwa kalamu. Hoja yake si mbaya, nami sijaishinda.